Prosesa Inawaka, Shaba Imepoa

Alhamisi, 6 Februari 2025. Kiponda

Mashine yangu ya kuhariria video za harusi ilirudi kutoka kwa fundi jana magharibi, ina feni mpya. Ile ya zamani iliyokuja na prosesa yenyewe beringi zake zilikwisha, ikawa inalia usiku kucha. Upepo wa chumvi wa hapa kwetu haumwachi mtu wala chuma. Shemeji akaninunulia nyingine Kariakoo, akaja nayo kwa boti. Ni hitisinki, yaani kipoza joto, ndefu kama mnara, ina mabomba manne ya shaba nyekundu, mapezi tele ya alumini na feni ya sentimita 12.

Leo asubuhi nimefungua video ya ile harusi ya Malindi nikaanza kurenda, yaani mashine iunganishe vipande kuwa video moja kamili. Mwanzo kazi ilikwenda, kisha ikaanza kusota, na mshale wa programu ukawa hausogei. Nikatazama kipimo cha joto: nyuzi 100. Nikazima.

Bi harusi wa Malindi anaondoka tarehe 17 na mumewe kwenda Maskati. Mama mkwe na mawifi wa kule hawakuweza kuja, na watakachokiona cha siku ile ni hii video. Nimeahidi kuikabidhi Ijumaa ijayo. Nyuma yake wamepanga foleni wengine, maana Shaaban ndiyo imeingia na kila mwenye binti anataka kumaliza kabla ya Ramadhani.

Shemeji anasema niipeleke kazi kwenye duka lenye mashine kubwa, wairende huko kwa saa moja. Haiwezekani. Hii ni video ya sherehe ya kupamba: wanawake peke yao, mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi, watu wazima wanacheza kwa raha zao. Waliniruhusu kuingia na kamera kwa sababu mimi ni mwanamke mwenzao, na kwa sababu wanajua picha haitoki chumba hiki mpaka imfikie mwenyewe. Hata mashine ilipokwenda kwa fundi, diski niliichomoa nikaifungia kabatini. Hii ni amana ya watu, basi mashine lazima ipone humu humu ndani.

Nimempigia fundi. "Dada, sasa hivi ni kaskazi, mashine zote zinachemka. Zanzibar joto." Kijana mwema, lakini jibu hili sijaliridhia. Feni ya kale, ndogo, iliyochakaa, haikuwahi kunifikisha 100 katika joto hili hili.

Ijumaa, 7 Februari

Baada ya watu kurudi msikitini nyumba imetulia, nimekaa kupima. Sitafungua hata skrubu moja kabla ya kuwa na hesabu kwenye karatasi, maana ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja hujui lipi lililokuponya.

Chumba: nyuzi 31. Prosesa ikiwa haina kazi: 58. Nikibonyeza kurenda: 99, kisha 100. Na kupanda kwenyewe hakuchukui hata sekunde mbili.

Kuhusu joto la Zanzibar. Feni haiwezi kuifanya prosesa iwe baridi kuliko hewa inayovutwa. Inachoweza ni kuizuia isiizidi hewa hiyo kwa mbali. Kwa hiyo ninachotazama ni tofauti. Wazungu hupima feni zao katika vyumba vya nyuzi 20 hivi. Sisi tuongeze kumi juu ya hesabu zao, basi. Prosesa yangu ni i5-12400, ya mwaka 2022, inakula wati 65 kwa mwendo wake wa kawaida na inaweza kupanda hadi 117 ikikimbia. Mnara wa ukubwa huu ungepaswa kuiweka nyuzi arubaini hivi juu ya chumba, nayo ni kama 71. Mimi ninaona karibu sabini juu ya chumba. Kaskazi haiwezi kubeba lawama zote hizo.

Kilichonishtua zaidi ni zile sekunde mbili. Mnara wote ule wa chuma huchukua dakika kadhaa kupata moto. Kama shida ingekuwa hewa haitoki, kipimo kingepanda taratibu: 70, 75, 80, huku chuma kikijaa joto kidogo kidogo. Kinachoruka hadi 100 papo hapo ni kitu ambacho hakina pa kuupeleka moto wake.

Haiungui, namshukuru Mungu. Prosesa za siku hizi zikifika kikomo hujipunguzia mwendo zenyewe. Ndiyo maana programu ilisota badala ya kuzimika. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilirekodi jaribio ambalo mafundi wanalikumbuka mpaka leo: waling'oa hitisinki mashine zikiwa zinafanya kazi. Pentium 4 ya Intel ilipunguza kasi ikaendelea kujikokota. Athlon ya AMD ilitoa moshi ikafa hapo hapo. Baadaye watengenezaji wote waliufanya ulinzi huo kuwa jambo la lazima. Lakini kujikokota nako hakumfikishi bi harusi Maskati.

Jumamosi, 8 Februari

Umeme umekatika tangu saa tatu asubuhi, umerudi baada ya adhuhuri. Shemeji amepata hoja mpya: umeme mdogo ndio unaochemsha mashine.

Sisi watu wa Unguja tuna haki ya kuushuku umeme kwanza. Tumeunganishwa na bara kwa waya wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na ulipoharibika Desemba 2009 tulikaa gizani hadi Machi 2010. Mji Mkongwe mzima ulinuka dizeli. Kila duka lilikuwa na jenereta mlangoni, na vichochoro hivi vyembamba vinaibana sauti. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013. Miezi ile ya giza haijamtoka mtu. Jambo lolote la mashine likiharibika, mkono wa kwanza hunyooshewa umeme.

Ila hapa umeme hauhusiki. Mashine inapita kwenye stebilaiza, sindano yake nimeitazama tangu umeme uliporudi na imesimama kwenye 230. Na hata ungeshuka, pawasaplai ndiyo inayoyumba kwanza. Prosesa inalishwa volti moja na pointi na saketi za kwenye mazabodi, ile bodi kuu, haionji kinachotoka ukutani. Nimemweleza shemeji. Amesema, "Haya, wewe ndiye unayejua," kwa sauti ya mtu ambaye bado anaamini ni umeme.

Hewa ya chumba nayo nimeiondoa kwenye orodha. Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba, kwani boriti za mikoko hazipatikani ndefu kupita mita tatu na nusu hivi, na upana wa chumba hufuata boriti. Kwa hiyo kasha la mashine linakaa limebanana na ukuta. Nimelivuta hadi katikati ya chumba, nimeondoa khanga inayolifunika, nimefungua ubavu, nimelielekezea feni ya mezani. Prosesa: 100, sekunde mbili zile zile. Haikujali hata kidogo.

Jumapili, 9 Februari

Leo ndiyo siku yenyewe.

Binti yangu hana skuli, nimemwita anishikie tochi ya simu. Kwanza mambo mepesi. Feni inazunguka? Inazunguka, na BIOS inaiona, karibu mizunguko 1,500 kwa dakika. Waya wake umechomekwa pale palipoandikwa CPU_FAN? Ndiyo. Inavuta au inasukuma? Nimeweka kijikaratasi mbele kikanasa, nimeweka mgongo wa mkono nyuma nikasikia upepo. Unakwenda upande sahihi, kuelekea tundu la nyuma la kasha. Ile karatasi ya nailoni inayobandikwa kwenye kitako cha hitisinki kiwandani niliikuta jana ndani ya mfuko wa takataka aliourudisha fundi, kwa hiyo ilitolewa.

Kisha nikamwambia binti awashe kazi ya kurenda na anisomee kipimo. "Tisini na tisa, mama. Mia. Mia."

Nikaweka vidole juu ya mapezi. Baridi. Nikashusha vidole kwenye mabomba ya shaba, pale yanapoingia kitakoni, sentimita mbili tu kutoka kwenye kile kinachosemwa kina nyuzi mia. Vuguvugu kidogo, hivyo tu. Ningeweza kuyashika mpaka alasiri.

Binti akashika na yeye. Akanyamaza, akatazama kioo, akashika tena. "Mama, basi joto halijavuka."

Halijavuka. Yuko kidato cha tatu na alilisema kwa maneno mawili, wakati mimi nilikuwa nimeandika kurasa tatu. Mapezi yangekuwa ya moto, ningetafuta shida kwenye hewa: feni, vumbi, tundu zilizozibwa. Mapezi yakiwa baridi na prosesa inawaka, shida iko pale chuma kinapokutana na chuma. Mnara wote huu wa Kariakoo, na shaba yake, na yale mabomba yenye tone la maji ndani linalogeuka mvuke upande wa moto na kurudi kuwa maji upande wa baridi, haujapata kazi. Hakuna aliyeupelekea joto.

Nikaishika hitisinki kwa vidole viwili nikaizungusha kidogo kidogo. Inacheza! Sikuamini, nikarudia. Inakwenda kushoto na kulia kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

Hapo nikapata wazo. Kasha likiwa limesimama, mazabodi imesimama wima na mnara umetokeza nje kwa ubavu, uzito wake wote unaning'inia. Nikalilaza kasha chini, mazabodi ikawa imelala na hitisinki imeikalia prosesa kwa uzito wake. Nikamwambia binti asome. 84. Tukangoja. 86. Haikupanda tena. Tukalisimamisha: mia. Tukalilaza: 86. Kitu kile kile, feni ile ile, pesti ile ile ya kupitishia joto kati ya prosesa na hitisinki. Kilichobadilika ni upande gani uzito unaegemea.

Binti amelipenda jaribio hili kuliko yote. Na mimi pia. Halikugharimu shilingi, halikuhitaji bisibisi.

Jumatatu, 10 Februari

Nimeing'oa.

Skrubu mbili za springi, moja kila upande. Zilikuwa zimekazwa mpaka mwisho, haziendi tena. Fundi hakuziacha zimelegea. Hitisinki ikanyanyuka bila kubandua, bila ule mvuto wa pesti iliyoshika.

Nimeitazama pesti kwa muda mrefu kabla ya kuifuta, kwa sababu ndiyo shahidi pekee aliyekuwepo. Hitisinki iliyokaa sawa huacha pesti imetandazika nyembamba, kijivu, hadi kwenye kingo, na shaba inaonekana kwa mbali chini yake. Hii ilikuwa bado ni kitone, kimesimama katikati kama kilivyotoka kwenye sindano, kimebonyea juu tu. Ukingo wa chini wa prosesa ndio uliokuwa na mstari mwembamba uliobanwa vizuri. Ukingo wa juu hauna kitu, chuma kinang'aa. Maana yake mnara uliinama mbele kwa uzito wake, ukabana chini, ukaachia juu. Na palipoachia paliingia hewa. Shaba nyekundu hupitisha joto mara 15,000 hivi kuliko hewa. Hata pesti ya bei rahisi huishinda hewa makumi ya mara. Nafasi ya unene wa karatasi inatosha kuuharibu mnara mzima.

Sasa kwa nini ilegee na skrubu zimekazwa mpaka mwisho? Kwa sababu zimefika mwisho mapema. Skrubu zinakaza fremu juu ya nguzo nne fupi zinazotoka kwenye mazabodi, na nguzo hizo ndizo zinazoamua hitisinki itashuka hadi wapi. Soketi yangu ni LGA1700. Kabla yake kulikuwa na LGA1200 na zile za 115x, prosesa zake za mraba, milimita 37.5 kila upande, na tundu za kufungia feni ziko milimita 75 kutoka moja hadi nyingine. LGA1700 ilipokuja, mwishoni mwa 2021, prosesa ikarefushwa ikawa 37.5 kwa 45, tundu zikasogezwa hadi 78, na kimo chote cha soketi na prosesa kikashuka karibu milimita moja. Watengenezaji wa feni wakawa wanatia seti mbili za nguzo ndani ya boksi moja. Ukifunga zile ndefu za soketi ya zamani, kila kitu kinaingia, kila skrubu inakaza, na kitako kinabaki kimeelea juu ya prosesa.

Kuthibitisha hayo nilihitaji boksi. Boksi lilikuwa kwa mama. Amelipenda kwa ugumu wake, ametia udi na chetezo kidogo.

"Mama, naomba boksi langu la feni."

"Lako? Si ulilitupa, mwanangu?"

Tumemimina udi kwenye sinia. Chini kabisa, chini ya kijitabu kilichonukia udi, kuna kijimfuko cha nailoni kilichofungwa bado: nguzo nne. Nimeziweka mezani sambamba na zile nilizofungua, nikakaribisha jicho. Za mfukoni ni fupi. Kwenye kijitabu hakuna neno hata moja la lugha yoyote, ni michoro tu, na mfuko una herufi B ndogo iliyochapwa kwa wino uliofifia. Mchoro wa B una 1700 pembeni.

Alasiri nimemwendea fundi na nguzo zote nane kwenye leso. Nilimkuta na wateja, nikangoja mpaka amebaki peke yake. Alizitazama, akazisimamisha kwenye kaunta moja moja, akachutama ili macho yake yawe sawa nazo.

"Zote ziliingia, dada. Skrubu zilikamata."

"Ndiyo, zinakamata. Ndiyo maana huwezi kuona kwa macho."

"Kwa hiyo zile mbili nilizofunga mwezi uliopita..." Hakumaliza. Alichukua simu akaanza kutafuta namba za wateja wake. Kisha akanipa sindano ya pesti, akakataa pesa, akaniomba kile kijitabu akipige picha. Fundi anayewatafuta wateja wake kabla hawajalalamika ni fundi nitakayemrudia.

Jumanne, 11 Februari

Pamba na spiriti ya duka la dawa. Nimefuta prosesa na kitako mpaka vyote viwili vinaonyesha uso wangu, nikaviacha vikauke wakati nakunywa chai. Nguzo fupi zimeingia. Pesti nimeichora kwa mkato wa X mwembamba, maana prosesa ni ndefu, na tone moja la katikati huenda lisifike pembeni. Hitisinki nimeishusha wima, bila kuiburuta. Kisha skrubu: nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, ili isikandamize upande mmoja kwanza. Safari hii springi zimeminyika kabla ya skrubu kufika mwisho, na hiyo ndiyo dalili niliyokuwa nikiingoja. Nimeitikisa kwa vidole viwili. Haichezi. Mazabodi nzima inakwenda nayo.

Chumba nyuzi 30. Prosesa bila kazi: 38. Nikabonyeza kurenda: ikaruka hadi 57, kisha ikawa inapanda kwa utaratibu, kidogo kidogo, namna nilivyotaka kuiona tangu Ijumaa. Baada ya nusu saa imesimama kwenye 70, 71. Nikailaza: 70. Nikaisimamisha: 71. Na mapezi, alhamdulillahi, yana moto wa kumfanya mtu aondoe mkono baada ya kitambo. Hewa ya nyuma ya kasha inatoka na joto lake.

Binti alirudi skuli akaenda moja kwa moja kushika mabomba kabla ya kuvua ushungi.

Harusi ya Malindi imeanza kurendwa saa moja usiku.

Ijumaa, 14 Februari

Video imekamilika tangu juzi. Jana nimeitazama yote kutoka mwanzo hadi mwisho kuhakikisha hakuna picha iliyoruka. Hakuna. Mama wa bi harusi amekuja mwenyewe kuchukua flashi, mbili, moja ya kwake. Ametazama dakika chache hapa kwangu, pale mwanawe anapoingia ukumbini amefunikwa, na pale wanapomfunua. Sauti ya nje ya dirisha sikuweza kuizima, maana tamasha la muziki la Sauti za Busara limeanza leo Ngome Kongwe na ngoma zinafika hadi hapa. Amelia kidogo. Tumefuta nakala mbele ya macho yake, kama tulivyokubaliana.

Mashine imefanya kazi usiku na mchana siku hizi, na sijaiona ikivuka 73. Usiku joto halipungui sana: kuta hizi za mawe ya matumbawe na chokaa zinabeba joto la mchana na kulirudisha chumbani mpaka karibu na alfajiri, kwa hiyo nimeacha kusubiri usiku ili nirende. Hakuna faida.

Yaliyobaki ni ya matunzo. Wavu mwembamba mbele ya tundu za kuingizia hewa, uoshwe kila mwezi, chumvi na vumbi la chokaa visiingie. Khanga irudi kufunika kasha wakati imezimwa tu. Nguzo ndefu nimezitia kwenye bahasha, nimeandika juu yake 115x/1200, zimo kwenye droo pamoja na bisibisi. Mama amerudishiwa boksi lake.

Kesho naanza ya Fuoni. Mama wa bwana harusi anataka nyimbo zote za taarabu zibaki nzima, zisikatwe hata moja. Ni karibu saa tatu za picha, na leo usiku nianze kuziingiza.